Jina la Baba Mkwe

Kedres alikataa kwa mara ya nne, na uji wa mtama ukapoa mkononi mwake.

"Mama, ni neno moja tu," alisihi mwanawe Tibakanya. "Miaka hamsini unakula shamba la mzee, leo jina lake linakukwama kooni?"

"Mimi ni mke wa watu. Jina la baba mkwe halipiti kinywani mwangu. Kijito nitakiita Kyamabare, kama siku zote."

"Hilo la 'cha mawe' ulijitungia wewe ili usimtaje. Nani mwingine analijua? Ukilisema mbele ya maafisa, tumekwisha."

Tibakanya hakuelewa uzito wa anachoomba. Kwa Wakiga, mwanamke hutaja jina la mkwe wake siku akitaka kufukuzwa.

Vijito vitatu vilishuka kutoka msitu wa mianzi, na maafisa wa misitu walitafuta kimoja: kile ambacho ramani ya Wazungu ilikiita mpaka. Kikiwa cha juu, shamba la viazi na kaburi la mume wa Kedres vingebaki. Kikiwa cha chini, vyote vingemezwa na msitu. Ili watu wasidanganye, ramani ilibaki imefungwa. Shahidi aliyekuwapo enzi ya upimaji wa Wazungu angetaja jina la kijito chake, mara moja tu, kisha aweke dole gumba; likilingana na la ramani, shamba lingesalimika. Wazee wengine wote walishakufa.

Kedres, mwanawe na maafisa wakakaa ukingoni mwa kijito cha juu.

"Tupe habari zake, mama," alisema afisa.

Hapo Kedres hakuhitaji kusukumwa. Kinazaliwa chini ya jiwe jeusi, alisema, kinajificha kwenye mianzi, kinatokea kivukoni, kinaishia kinamasini. Baba mkwe alifika hapa wa kwanza na shoka moja, akaua chui pale pale kivukoni, na watu wakakipa kijito jina lake.

"Upimaji unaukumbuka?"

"Nilikuwa bibi harusi wa wiki tatu. Nilikuja kuchota maji nikamkuta Mzungu na mnyororo wake wa kupimia, peke yake na mkalimani. Wakaniuliza hili na lile kuhusu kijito, nikajibu nimeinamisha kichwa. Wakanipa chumvi." Akacheka kidogo. "Nilikimbia hadi nyumbani."

"Vizuri. Sasa jina la kijito."

Kicheko kilimwisha. Alimtazama mwanawe, akalitazama kaburi ng'ambo ya viazi.

"Mama, tafadhali," alinong'ona Tibakanya.

"Baba, unisamehe," Kedres alisema, machozi yakimtoka. "Rwabutara."

Wake wa wanawe, waliosimama nyuma, walijifunika nyuso kwa khanga. Tibakanya alishusha pumzi. Afisa aliandika, akaushika mkono wa bibi kizee, akalibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Ndipo akaikunjua ramani. Kidole chake kilifuata mstari wa msitu kwenda, kikarudi, kikaenda tena.

"Rwabutara haimo humu," alisema taratibu. "Kijito cha mpaka kimeandikwa Kyamabare."