Kiti cha Madamu

Tarehe 9 Agosti 1954, kapita, msimamizi wa kazi za wazungu, alikamata wanaume wote wa kijiji chetu Kalembe tubebe wazungu kwenda kuona ngagi, wale masokwe wa pori. Bibi yangu Nyiraneza alikuwa na uchungu wa kuzaa. Nikaomba nibaki.

"Wamama wako pale," kapita akasema. "Beba!"

Tukabeba madamu wa kizungu juu ya tipoy, kiti chenye miti ya kukata bega. Mu njia nyembamba ya mulima tukakutana na ngobyi, kitanda cha kubebea wagonjwa. Kwetu ngobyi ni kazi ya wanaume. Siku hiyo ilibebwa na wamama, wanateleza mu matope.

"Kaka, njoo ushike!" dada yangu akalia. "Hatutafika kwa muganga!"

"Pisheni! Madamu anapita!" kapita akawapigia kelele.

Nikashusha mti. Wenzangu nao wakashusha. Mukono wa Nyiraneza ulitokeza chini ya blanketi. Nikaushika. Udongo wa viazi ulikuwa ungali mu kucha, lakini vidole vilikuwa vimeshapoa.

"Sasa unakimbilia nini tena?" kapita akasema. "Rudisha mti mu bega."

Mimi sikusoma. Ila ninauliza wakubwa waliotutuma: wale ngagi wangekimbilia wapi, kama tungeenda kesho yake?