Pedali ya Tatu

Kofi la kwanza lilimpata Jovin pajani, bado kichwa kiko chini ya gari. Robert alimvuta miguu hadi akatokeza mzima, akamzaba la pili usoni, kisha akamwinamia.

"Giaboksi ya zamani bado inaning'inia. Kwa nini?"

"Bolti moja imegoma, kaka."

"Ikagomee kwenu!" Bomba la chuma likamshukia mbavuni. Jovin alipiga yowe, lakini jirani kulikuwa na kiwanda cha jinzi, na cherehani mia mbili za Xintang, pembeni mwa Guangzhou, China, hazisikilizi yowe la mtu.

Hiyo ilikuwa siku ya pili. Waliomleta hapo ni Robert na bosi wake Godson, Mtanzania mwenzao, mwenye godauni, mwenye Kichina laini utadhani kazaliwa nacho. Walimnyang'anya pasipoti na simu, wakamfungia na gari jekundu la Kimarekani la mwaka sabini na mbili, silinda nane. Amri ilikuwa fupi: zidong itoke, shoudong iingie. Yaani otomatiki itoke, gia za mkono ziingie, pamoja na pedali ya tatu, klachi, ya mguu wa kushoto. Kichina cha Jovin kilikuwa cha spana na bei, basi, ila maneno hayo mawili aliyajua kama jina lake.

"Laoban, bosi wangu," alikuwa ameuliza, "otomatiki yenyewe nzima, haina hata tone la kuvuja. Unaitoa ya nini?"

"Fundi, nimekuita ufunge au uhoji?" Godson akamrushia teke la mguu wa kulia, likampata tumboni.

Jibu alilipata mwenyewe, kwenye bampa. Damu kavu, na kipande cha kitenge cha manjano kimenasa kwenye skrubu. Jumatano, hapo hapo Xintang, dada Kalista, Mtanzania mwenzao, aligongwa akitoka kuagiza jinzi, akaburutwa, gari likakimbia. Kila Mtanzania wa Guangzhou alishalia. Jovin ndiye aliyelia zaidi, maana Jumapili walikuwa wakikaa benchi moja kanisani, pale karibu na barabara ya Yide Lu, na kitenge hicho alikijua.

Alichukua kitambaa kama anafuta grisi, akausogelea ule ushahidi autie mfukoni.

"Hapo mbele usiguse!" Godson alifoka. "Kaza ulichoitiwa."

Ajabu gani hii? Mtu kaua, na damu hataki ifutwe! Lakini mwenye mbavu mbili zilizovunjika haulizi mengi. Jambo moja lilikuwa wazi: aliyekiona kitenge hicho hatoki humo hai. Bolti ya mwisho ikikazwa, na yeye kwisha habari yake.

Basi akaamua kutokufa kikondoo. Godson alipomsogelea akague klachi, Jovin alinyakua nyundo ya kilo nne na kukishindilia kiatu chake cha kushoto kwa nguvu zake zote. Kiatu kilibonyea. Godson hakuguna. Alikitazama kiatu, akamtazama Jovin, akacheka. Yesu na Maria, huyu ni mtu au jini?

Robert ndiye aliyelipiza. Alimng'oa meno mawili kwa ngumi moja, akamkanyaga shingo hadi macho yakamtoka.

"Vidole usivunje," Godson alisema, akijifuta kiatu taratibu. "Bado anavihitaji."

Kazi ikaendelea, damu inamdondokea kwenye spana. Robert aliikatakata otomatiki kwa grainda, akaipeleka kuyeyushwa. Raba za pedali Godson alileta zilizolika, na kirungu cha gia kilichopauka. "Usinifungie kipya hata kimoja," alisema. Jovin aliona ni ubahili tu, tajiri mzima!

Mchana wa siku ya tatu gari lilinguruma.

"Liendeshe," Godson aliamuru. "Nenda hadi kwenye kamera ya geti, rudi. Vua glovu kwanza."

Alikwenda, akarudi, Robert kakaa nyuma na kisu kimemgusa kisogo. Waliporudi, Godson alibaki nje mlangoni; Robert alisema anakwenda kununua tambi, akatoka. Simu yake aliisahau kwenye meza ya vifaa. Haikuwa hata na nywila.

Jovin hakuamini bahati yake. Alimpigia binamu yake Flavia, muuza vitambaa kule Zhongda, namba pekee aliyoijua kwa kichwa.

"Flavia, gari lililomuua Kalista lipo hapa! Ni la Godson! Godauni lenye geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha jinzi. Leta polisi, dada, wananiua!"

Polisi wawili walifika baada ya nusu saa. Walipofungua mlango, Jovin alipiga magoti akalia kwa sauti, mtu mzima, bila aibu. Alimnyooshea Godson kidole, akaonyesha bampa, akaonyesha kitenge, maneno yanamtoka Kiswahili kitupu. Dada Kalista sasa angepata haki yake, na yeye angemwona tena mama yake Bukoba.

Godson hakukimbia. Alisubiri kilio kiishe, akawafungulia polisi mlango wa gari kwa heshima, akaanza kuzungumza nao kwa upole, mara akimnyooshea Jovin kidole, mara akiionyesha kamera ya geti. Katika maneno yote hayo Jovin alishika moja tu: shoudong.

Kisha Godson akainama, akapandisha suruali yake upande wa mguu wa kushoto. Kuanzia gotini kwenda chini, mguu ulikuwa wa plastiki.

Polisi mmoja aliutazama ule mguu, akaitazama pedali ya klachi, akatoa pingu na kumgeukia Jovin.