Mfungaji wa Kikapu cha Ubingwa

Klabu ya mpira wa kikapu ya mji wa Čačak, Serbia, ilikuwa ikitundika picha za historia yake ukumbini. Vukašin aliitwa kutaja majina, maana wachezaji wenzake wa zamani walikuwa wameshafariki.

"Mzee wetu, huyu aliyetupatia ubingwa ni nani? Uso hauonekani," kijana mmoja wa klabu aliuliza, akimwonyesha picha.

Vukašin aliutazama mkono ulioinuliwa, kidole chake cha mwisho kimepinda. Aliujua vizuri. Mwenye mkono huo alibebwa mabegani akazungushwa mji mzima, kisha akamwoa msichana ambaye Vukašin alitangulia kumpenda. Tangu hapo wivu ulimla kama kutu.

"Ni mimi," alisema.

"Kumbe! Mbona ulituficha, mzee?"

"Hongera, shemeji," sauti ya kike aliyoijua tangu ujana ikasema nyuma yake.

Vukašin hakuthubutu kugeuka.