Namba Zisizo na Jina

"Hata Jumapili kuna namba," alisema Mwalimu, kidole kikiwa kwenye karatasi. "Soko gani hili lisilofungwa Jumapili?"

"Halifungwi," Bosi alijibu. "Endelea."

Mwalimu akainamia tena karatasi. Huu ulikuwa usaili wake wa nne tangu shule aliyofundisha hisabati ifungwe, na kote alikopita aliambiwa maneno yale yale: hesabu unazijua, kuamua huwezi. Watu wa hisa hawana haja na mtafiti wa labda na huenda. Asubuhi dada yake, aliyemlisha mwaka mzima bila kununa, alimnyooshea kola akamwambia, "Leo usitafune maneno, kaka. Ukikijua kitu, kiseme." Kazi hii akiikosa, basi tena, hana pa kwenda.

Kampuni ilikuwa na desturi yake. Msailiwa hupewa takwimu zilizofutwa jina. Hujui ni dhahabu, ni mafuta, ni hisa za nani. Unapewa namba tupu na saa moja, ili moyo usije ukaingilia kazi ya kichwa. Wenzake watano walishatoka, wote wamenuna. Na Bosi mwenyewe, mkuu wa utafiti, macho mekundu, shati limekunjamana kama amelala nalo, hata maji hakumkaribisha. Jamani, hapa hakuna huruma, Mwalimu alijiambia.

Akajitosa.

"Kitu hiki kinashuka. Kila kikishuka sana, kuna mtu anakijazia kutoka nje. Hapa, hapa, na hapa. Kinapanda. Mara ya kwanza kilikaa juu wiki tatu. Mara ya pili siku tisa. Juzi, siku mbili tu."

"Labda anajazia kidogo."

"Hapana, kila mara anajazia zaidi. Tatizo si anachojazia. Chenyewe hakizalishi tena."

Bosi akasogeza kiti. "Na kama yuko tayari kutoa kila alicho nacho?"

Mtego huo! Neno labda lilimfika Mwalimu ulimini. Akamkumbuka dada yake, akalimeza.

"Atoe hata roho yake, mkuu. Mstari ni ule ule."

"Uwezekano wa kupanda tena?"

"Mbili katika mia. Na hizo mbili nimeziweka kwa adabu tu."

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Ningeacha leo. Kungoja ni hasara juu ya hasara."

Bosi alichukua kalamu akazipitia hesabu za Mwalimu mstari kwa mstari. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena. Mwalimu alikuwa amesahihisha madaftari miaka kumi na miwili, lakini hakuwahi kuona mtu akitafuta kosa kwa uchu namna ile. Hatimaye kalamu ikawekwa chini.

"Hujakosea," Bosi alisema. "Wenzako wote wameniambia nisubiri kidogo. Wewe peke yako ndiye uliyethubutu. Kazi ni yako. Uanze Jumatatu."

Ee, Mungu! Mwalimu alisimama nusura aangushe kiti. Alishukuru mara tatu, akakusanya karatasi zake ovyo ovyo, machozi yakimlenga kwa furaha, kichwani tayari anamsikia dada yake akipiga vigelegele. Alinyoosha mkono kuaga. Bosi hakuuona, alishageukia dirishani na simu sikioni.

Mwalimu alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia, "Mama Kidoti, mwambie daktari wasimwongezee mtoto wetu damu tena. Nakuja sasa hivi, tumchukue twende naye nyumbani."