Mkia Mbele ya Tufani

Farasi Tufani hakupata kuuona mkia wa farasi mwingine uwanjani, kwa maana kila mbio aliongoza yeye. Alipostaafu akapelekwa kwa majike ili azalishe, naye akatamba, "Wanangu watazaliwa wakikimbia!"

Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa na Marijani, alikuja na mguu uliopinda. Tufani akanuna. "Huyu kweli wangu?"

"Ngoja umsikie," Marijani akajibu.

Mtoto akamchechemelea. "Baba, tushindane mpaka horini. Na usinionee huruma!"

Tufani akacheka bila kutaka. Majivuno hayo aliyajua.

Wakatoka. Mtoto akajikokota kwa nguvu zake zote, mkia wake mfupi ukipepea. Tufani akaufuata mkia ule mpaka horini, akihema kwa sauti ili mtoto asikie.