Jongoo na Kachumbari

"Jongoo, unajiandikisha au unatukimbia?" Kachumbari aliandika.

Mzee Isakwisa alivuta blanketi mabegani, maana baridi ya mtaa wa Chanji haina adabu kwa wastaafu, akajibu kwa kidole kimoja: "Jongoo ana miguu mingi, lakini mbio hana."

Hakuna aliyejua Jongoo ni nani, wala Kachumbari ni nani. Ndiyo ilikuwa raha ya kile kijiwe cha mtandaoni cha watu wa Sumbawanga. Namba hazionekani, kila mtu na jina lake la utani, na mkubwa akistahili kusemwa, anasemwa.

Kwa mzee kilikuwa zaidi ya kijiwe. Tangu afiwe na mkewe huko Tukuyu akahamia kwa mwanawe Frank, alikuwa akiishi kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Frank yuko barabarani na lori la mahindi. Mke wa Frank, kwa desturi ya kwao, hatazamani na baba mkwe wala hamtaji jina. Huacha chakula mlangoni, hukohoa, huondoka. Heshima ni heshima.

"Mimi nyumbani naongea na sufuria," Kachumbari aliwahi kumwambia.

"Afadhali wewe. Mimi naongea na dari, na yenyewe inavuja."

Sasa agizo limeshuka kutoka juu: majina ya utani basi. Kila mmoja atoe jina kamili, mtaa na picha, vibandikwe hadharani. La sivyo msimamizi, dalali Adriano wa Milanzi, atajieleza mahakamani.

"Wanasema ni kwa usalama wetu," Adriano alituma sauti ya mtu aliyechoka. "Ndugu zangu, nina watoto. Nisaidieni."

"Usalama upi?" Kachumbari akajibu. "Mwizi alikuwa hajui mlango wa kugonga. Sasa anapelekewa na ramani."

Watu wakacheka, ila kicheko hakijawahi kufuta agizo. Wengi walijiondoa. Waliobaki wakaanza kuongea kama wako kwenye kikao cha shule.

Pembeni, Kachumbari alimwandikia Jongoo: "Nikitoka nitapiga soga na nani? Tujitaje tu wote wawili. Tukijuana kuna ubaya gani? Siku moja nitakukaribisha chai."

Mzee akaisoma, akairudia. Huenda ni mjane, aliwaza, kisha akajicheka mwenyewe. Akavaa koti lake la harusini, akajipiga picha dirishani, akatuma.

Asubuhi Adriano akazibandika picha zote kwa mkupuo. Mzee alipita za watu wengine haraka haraka, mpaka akafika kwenye ile iliyoandikwa Kachumbari.

Akageuza uso ukutani, kama desturi inavyomtaka baba mkwe, na simu akaifunika kwa kofia. Jikoni, nyuma ya ukuta uleule, mke wa Frank alianza kulia.