Sugu Kiganjani

Tunu alikuwa akimpokea mumewe kikombe cha chai, vidole vyake vikagusa kitu kigumu kiganjani mwa mume.

"Baba Salma, sugu hii umeitoa wapi?"

Kazi za mikono zilikuwa za vibarua wa kigeni. Raia aliyekutwa na sugu alifutiwa mgawo wa fedha za mafuta ya nchi, yeye na nyumba yake yote. Na dawa za moyo za binti yao Salma zilitokana na mgawo huo. Vibarua wenyewe hawakuwa wameonekana tangu Ramadhani.

"Unamlimia mwanamke gani?"

"Mwanamke!" Shekue alicheka kidogo. "Nachimba makaburi. La Mzee Makame lilikuwa la saba. Wakala wa vibarua alisema wachimbaji watafika baada ya siku nne. Maiti angengoja?"

"Mko wangapi?"

"Sita. Twafunika nyuso kwa vilemba. Hakuna amjuaye mwenzake."

"Basi hujui nani anakujua."

Kabla hajajibu, jirani yao Sefu alipiga hodi, akaingia. Mtaani watu walikuwa wameacha kushikana mikono. Walisalimiana kwa kuweka kiganja kifuani. Sefu alinyoosha mkono.

"Ah, shekhe, hata mkono siku hizi tunanyimana?"

Kukataa kungekuwa kukiri. Shekue akampa mkono.

Sefu hakuuachia. Alikipapasa kiganja taratibu kwa kidole gumba, kisha akamgeukia Tunu na kuuliza kwa upole, "Na Salma, shemeji, moyo wake waendeleaje?"